Kabla ya sindano ya kutuliza: tathmini ya muuguzi kwa mgonjwa aliyeletwa akiwa amechanganyikiwa

MuuguziMikindani aliandika:

Ndugu zangu wauguzi, matabibu, na ninyi nyote mnaouguza majumbani, naomba tulijadili jambo hili kwa kina, hasa sisi tulioko Mtwara na Lindi. Huku kwetu mgonjwa wa akili aliyezidiwa hupita kwanza zahanati au kituo cha afya, na anayempokea ni muuguzi wa zamu, mara nyingi akiwa peke yake. Mgonjwa hufika usiku, amebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu yake au amelazwa nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kamba, na neno la kwanza la waliomleta huwa ni hili: "Sista, mchome sindano alale."

Ninawaelewa ndugu hao, kwa kuwa wengi wao hawajalala siku kadhaa. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba dakika chache zilizopo kabla ya sindano hazirudi tena. Mgonjwa akishalala, kiwango cha fahamu zake, mwendo wa maneno yake, macho yake na yale anayoyaogopa vyote hufunikwa kwa saa nyingi. Ikiwa alichanganyikiwa kwa sababu ya malaria kali au sukari iliyoshuka, usingizi ule utaonekana kama nafuu na sote tutaondoka kitandani tukiamini kwamba kazi imekwisha.

Naanza na mwili, na ninafanya hivyo kwa makusudi. Mikoa yetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo mtu mzima ambaye hajawahi kuugua akili, aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, anastahili kupimwa joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, upumuaji, sukari na malaria kabla mtu yeyote hajatamka neno kichaa. Shingo ikakamaapo pamoja na homa, tufikirie homa ya uti wa mgongo. Tuulize juu ya kifafa, kwa sababu mtu aliyetoka kupata degedege anaweza kuzunguka huku na huko bila kujitambua, akampiga anayejaribu kumshika, na baadaye asikumbuke chochote. Tuulize pia juu ya Virusi vya Ukimwi, dawa za kifua kikuu, kuanguka na kugonga kichwa, na kwa wazee maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huweza kuvuruga fahamu hata pasipo homa kubwa.

Kutofautisha fahamu zilizovurugwa na ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili wenyewe kunawezekana hata mahali pasipo na maabara. Mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, anaweza kusema mambo ya ajabu kabisa na bado akajua yupo wapi, nani amemleta na leo ni siku gani. Yule ambaye ubongo wake umevurugwa na homa, sukari au sumu hupanda na kushuka: saa mbili usiku anakujibu vizuri, saa nne hamtambui mkewe, na mara nyingi huona vitu, kama wadudu ukutani au watu mlangoni, kuliko kusikia sauti. Mwombe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Ijumaa, na asiyezoea jambo hilo ahesabu kutoka kumi hadi moja. Akipotea katikati, akaanza upya na kupotea tena, tafuta chanzo mwilini. Mzee ambaye maisha yake yote amezungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao aulizwe kwa lugha hiyo kupitia mtu anayeijua, kwani kushindwa kwake kujibu Kiswahili cha hospitali si dalili ya ugonjwa wowote.

Sasa tuje kwenye zile kamba, kwa sababu ni sehemu ya tathmini ambayo huachwa mara nyingi. Kamba ya katani iliyofungwa tangu asubuhi huacha mfereji kwenye kifundo cha mkono, na kiganja huvimba na kubadilika rangi. Mimi hupapasa mapigo chini ya kidole gumba, hubonyeza ukucha na kuangalia damu inarudi kwa kasi gani, humwomba mgonjwa akunje na kunyoosha vidole, kisha huuliza kama anahisi nikimgusa. Kisha nauliza amekojoa lini na mkojo ulikuwa na rangi gani, maana mtu aliyepambana na kamba kutwa nzima juani bila maji anaweza kutoa mkojo mweusi kwa sababu misuli imeumia, na figo zake zimo hatarini. Na wakati mikono ipo wazi mbele yangu, naangalia alama za wembe, za sindano, za kuungua na za kipigo. Mgonjwa wa akili hupigwa, na wakati mwingine jeraha la kichwani ndilo chanzo cha kila kitu tunachokiona.

Pombe inahitaji swali lake. Msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo, hupatikana kila mahali, na gongo haina msimu. Swali "anakunywa?" halitoshi, swali lenye faida ni "mara ya mwisho alikunywa lini?" Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kumpata katika siku 2 za kwanza, na siku ya 2 au ya 3 fahamu zinaweza kuvurugika kabisa, mwili ukichemka na mapigo yakienda mbio. Wapo wanaoacha kwa sababu Ramadhani imeingia, wengine kwa sababu fedha za korosho zimekwisha, na wengine kwa sababu wameugua kitu kingine na kulazwa. Huyu hutibiwa kwa diazepamu (dawa ya kutuliza), vitamini B1 na maji, na asipotibiwa anaweza kufa. Ramadhani hiyohiyo tuulize pia juu ya wanaoacha dawa za kifafa au za akili ili wafunge.

Kwa mwanamke, naomba swali la uzazi lisikosekane hata siku moja. Ugonjwa mkali wa akili baada ya kujifungua huanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, tena kwa kasi. Leo mama halali, kesho anasema mtoto si wake. Hii ni dharura ya watu wawili, kwa hiyo tathmini inajumuisha mtoto yupo kwa nani, ananyonya nini, na kama mama ametamka lolote la kumdhuru au kujidhuru. Homa au uchafu wenye harufu baada ya uzazi navyo vitafutwe kwa mgonjwa huyohuyo.

Nitaendelea na nafsi, familia na imani kadiri mtakavyochangia.

TabibuTandahimba aliandika:

Dada yangu, nakushukuru kwa kuufungua mjadala huu, lakini nina wasiwasi ambao naomba uujibu. Katika zahanati zetu nyingi usiku kuna muuguzi mmoja na mlinzi mmoja. Mgonjwa akiingia anarusha viti, tathmini unayoieleza inafanyikaje? Haloperidoli na diazepamu hazikuwekwa kabatini kwa bahati mbaya, na kuchelewesha kumtuliza mtu anayeweza kumjeruhi mwenzake nako ni kosa la kitabibu.

Naongeza jambo moja la huku kwenye mikorosho. Kipindi cha kupulizia, kuanzia katikati ya mwaka, tunapokea vijana waliovuta au kumwagikiwa viuatilifu vya wadudu. Anakuja haeleweki, lakini ukimtazama anatoka jasho jingi, mate yanamtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo mno, misuli inachezacheza. Hiyo ni sumu, tiba yake ni atropini na kumwosha na kumvua nguo zile, na muuguzi anayemvua avae glovu. Ukimpa dawa ya kumlaza tu, atashindwa kupumua mikononi mwako. Kwa hiyo mboni za macho ziangaliwe kwa kila mgonjwa, na swali la "alikuwa shambani akifanya nini?" liwe la lazima.

MuuguziMikindani aliandika:

Kaka Tabibu, hilo la mboni ni la thamani, na ninakubaliana nawe kwamba usalama unatangulia. Sikusema sindano isitolewe. Nilisema isitangulie macho na masikio yetu. Mgonjwa akiwa mkali, kwanza tunaondoa mkasi, stendi ya dripu na chupa zilizo karibu. Tunapunguza watu chumbani, kwa kuwa umati unaopiga kelele humtisha mtu ambaye tayari anaamini kwamba anawindwa. Muuguzi asimame upande wa mlango bila kuuziba, mikono ionekane, ajitambulishe kwa jina na aseme kwa sauti ya chini anachotaka kufanya. "Naitwa Sista fulani, mimi ni muuguzi, hakuna atakayekupiga hapa, naomba nikulegezee kamba." Wengi wao hupungua ukali kwa kulegezewa kamba na kupewa maji ya kunywa.

Maneno yasipotosha na dawa ikahitajika, itolewe. Hata hivyo, wakati ndugu wamemshika, tone moja la damu ya kidoleni kwa ajili ya sukari haliongezi hata dakika moja, na sukari iliyo chini ya 4 (milimoli kwa lita) kwenye kipimo hutibiwa palepale. Andika saa, andika alivyokuwa kabla ya dawa, kisha kaa naye. Katika saa ya kwanza mimi huangalia upumuaji, mapigo, shinikizo la damu na fahamu kila dakika 15, nikimlaza kwa ubavu. Aliyepewa haloperidoli aangaliwe pia shingo, taya na ulimi katika siku zinazofuata, kwani misuli hiyo inaweza kukaza na kupinda. Ndugu wakiona shingo imegeuka upande mmoja husema shetani amerudi, wakati hayo ni madhara ya dawa yanayotulizwa kwa promethazini au benzheksoli.

NduguWaNachingwea aliandika:

Mimi si mtaalamu wa afya. Ni kaka wa mgonjwa, na naomba mnisikilize kwa upande wetu. Mdogo wangu alipozidiwa tulimfikisha katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Tuliulizwa jina, umri na kijiji, kisha tukaambiwa tukae nje. Sisi tulijua kwamba ana kifafa tangu utotoni na kwamba vidonge vyake vilikuwa vimekwisha muda mrefu, lakini hakuna aliyetuuliza, na sisi tulidhani wameona wenyewe. Alitibiwa kama kichaa, tukarudi naye nyumbani akiwa amelala tu, na degedege ikamrudia usiku uleule.

Jambo la pili ni hili. Kabla ya hospitali tulikwenda kwa mganga, na tulipofika hospitali tuliogopa kusema, kwa sababu tulikwisha kuona mwenzetu akigombezwa mbele ya watu kwa jambo hilohilo. Naomba kuuliza, je, ni lazima muuguzi ajue tulikopita? Na ikiwa ni lazima, kwa nini msituulize kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu?

MuuguziMikindani aliandika:

Pole sana, kaka, na ninakushukuru kwa kuandika. Ndugu wa mgonjwa ndiye mwenye historia, na kumtoa nje kabla ya kumsikiliza ni kuifukuza nusu ya tathmini.

Ndiyo, ni lazima tujue mlikopita, na sababu ni ya kitabibu. Dawa za kunusa, za kunywa na za kuoga nyingine huingia mwilini na kubadilisha mapigo ya moyo, tumbo na fahamu. Chale za wembe huweza kuleta maambukizi. Na mgonjwa aliyekaa kilingeni siku nyingi anaweza kuwa hajala wala kunywa vya kutosha. Mimi huuliza hivi: "Mlipoona hali hii, mlianza kumsaidia vipi nyumbani, na wapi pengine mmepita kutafuta msaada?" Nikishauliza hivyo nanyamaza na kuandika, bila kukunja uso. Aliyegombezwa leo hatasema kesho, na jirani yake atakayesikia habari hiyo hatakuja kabisa.

Swali la imani linafuatana na hilo. Namuuliza mgonjwa mwenyewe anadhani amepatwa na nini. Akisema ni majini, simbishii wala simuungi mkono. Namuuliza majini hayo yanamwambia nini, kwa sababu sauti inayomwambia "wewe ni mtu mbaya" na sauti inayomwamuru "chukua panga" hazina uzito sawa kwetu. Nauliza pia kama sala, dhikri au kanisa humpa utulivu, na kama yupo shehe, padri au mchungaji anayemwamini. Watu hao wanaweza kumsaidia akubali dawa mahali ambapo sisi tumeshindwa.

Kisha nauliza mambo ya kawaida ya maisha: nani anampikia, nani atamkumbusha vidonge, fedha za nauli zinatoka wapi, ana watoto wanaomtegemea, amegombana na nani, amepoteza nini mwaka huu. Masasi hadi Mtwara mjini ni karibu kilomita 200. Ukimwandikia mtu wa Nanyumbu, mbele zaidi ya Masasi, kurudi kliniki kila wiki bila kuuliza nauli, umemwandikia kuacha dawa.

MwanachuoMasasi aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Chuoni tunafundishwa mifumo 11 ya afya ya muuguzi Marjory Gordon, yaani maeneo 11 ya kumtathmini mgonjwa, na pia hoja ya daktari George Engel ya mwaka 1977 kwamba ugonjwa utazamwe katika mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Darasani yote hayo naona yanapangika vizuri, lakini nikiwa wodini mbele ya mtu anayelia na kupiga kelele nashindwa kujua nianze na lipi. Halafu nina swali ambalo naona aibu kuliuliza mbele ya mwalimu: je, kumuuliza mgonjwa kama anataka kujiua si kumtia wazo hilo kichwani? Na sheria inasemaje?

MuuguziMikindani aliandika:

Marahaba, mwanangu. Hilo si swali la kulionea aibu.

Kuhusu mifumo 11, haikuandikwa imalizwe kwa usiku mmoja. Usiku wa kwanza unatafuta kinachoweza kumuua: pumzi, sukari, homa, sumu, jeraha, kuacha pombe ghafla, kujiua na kumdhuru mwingine. Mengine yanakamilishwa kesho na keshokutwa akishatulia. Ukiweza kuongeza swali moja tu usiku ule, uliza usingizi. Usiulize tu kama analala. Uliza amelala kwa muda wa saa ngapi kila usiku kwa wiki nzima iliyopita, na alipoamka alijisikiaje. Mwenye wazimu wa furaha iliyopitiliza hulala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na haoni uchovu, anagawa fedha na kuanzisha mambo kumi. Mwenye sonona huamka alfajiri mapema na kukaa na mawazo mazito gizani. Aliyevurugwa na ugonjwa wa mwili hulala mchana na kukesha usiku. Majibu hayo yanakuelekeza pa kutafuta, na familia inaweza kuyatoa hata kama mgonjwa hasemi.

Kuhusu kujiua, kuuliza hakuingizi wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo waziwazi katika mwongozo wake wa afya ya akili kwa vituo visivyo na wataalamu bingwa, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hupumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hufa kwa kujiua, kwa hiyo ukimya wetu hauwalindi. Muulize akiwa peke yake, mbali na mume, mke au mzazi. Mimi hutumia maneno haya: "Wapo watu wakifikwa na mazito kama haya huona afadhali wafe. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Akikubali, naendelea bila kushtuka: ameshafikiria njia gani, je, kitu hicho kipo nyumbani, amepanga lini, amewahi kujaribu, na ni nini kilichomzuia mpaka leo. Jibu la swali la mwisho, liwe ni mtoto, mama au Mungu, liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo tutakaposhika.

Huku kwetu swali la "kitu hicho kipo nyumbani?" lina jibu linalojulikana. Viuatilifu vya mikorosho hukaa chini ya kitanda au juu ya dari. Kabla mgonjwa hajarudi nyumbani namwita ndugu na kumwomba avihamishie kwa jirani au avifungie kwa kufuli, na naandika jina la aliyekubali kufanya hivyo. Msukumo wa kujiua mara nyingi ni wa muda mfupi, na umbali kati ya mtu na sumu huokoa.

Kuhusu sheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo familia nyingi husema "amekunywa kwa bahati mbaya." Uelewe hofu hiyo na usiitumie kumtisha mgonjwa. Kazi yako mbele yake ni kumtibu, kumsikiliza na kuandika ukweli wa kitabibu. Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ni vyema uisome ukiwa bado chuoni ili usije ukamzuia mtu au ukamtibu bila ridhaa yake pasipo kujua sheria inataka nini.

TabibuTandahimba aliandika:

Dada, umenijibu vizuri kuhusu sindano, na ninakubali kwamba kipimo cha sukari hakimcheleweshi mtu. Limebaki suala la rufaa. Tunapompeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, Ligula pale Mtwara au Sokoine pale Lindi, barua zetu nyingi husema tu "mgonjwa wa akili, mkali, amepewa sindano." Anayempokea huko analazimika kuanza upya na mtu aliyelala. Ungependa barua hiyo iandikwe nini?

MuuguziMikindani aliandika:

Kaka, barua isizidi ukurasa mmoja, lakini iwe na haya. Alivyokuwa kabla ya dawa yoyote: fahamu, macho, maneno yake mawili matatu kama alivyoyatamka, alijua yupo wapi au hakujua. Vipimo vyote na saa ya kila kimoja, ikiwemo sukari na malaria, na kama kipimo hakikuwepo iandikwe hivyo badala ya kuacha nafasi tupu. Dawa, kipimo chake, njia na saa. Hali ya mikono ikiwa alifungwa. Mara ya mwisho alikunywa pombe, alikula, alikojoa na kumeza dawa zake. Jibu lake kuhusu kujiua, na kama hakuulizwa iandikwe kwamba hakuulizwa ili mwenzetu aulize.

Neno "mkali" naomba liondoke kwenye barua zetu. Andika alichokifanya: "alimsukuma ndugu aliyemshika bega, alitulia alipoachiwa." Maelezo hayo yanamwonyesha mpokeaji namna ya kumkaribia mgonjwa, wakati neno mkali linamfanya aandae kamba nyingine.

Mwisho, jina na namba ya simu ya ndugu anayemjua vizuri viandikwe juu kabisa, na awe yule anayeishi naye. Mara nyingi anayepanda gari ni kijana mwenye nguvu za kumshika, naye hajui hata dawa alizokuwa akitumia. Nafasi ikiwa moja tu garini, mama yake au mkewe ndiye apande.